Maili Tisa za Adelgunda

Katika kitongoji chao kule Kimuli, Adelgunda ndiye mwanamke wa kwanza kuonekana juu ya baiskeli, tena baiskeli ya kiume yenye chuma cha kati, na wala hakuipanda kwa kutafuta sifa. Aliipanda kwa sababu kazi yake ilikuwa maili tisa kutoka nyumbani, na mume aliyezoea kumpakia nyuma alikuwa hana macho tena.

Mume huyo, Yustus, alikuwa karani wa chama cha kahawa kabla ya vita vya Kagera. Kila asubuhi alimpakia mkewe kwenye keria, akamteremsha mbele ya zahanati ya Nyarushozi alikokuwa muuguzi msaidizi, kisha akaendelea na safari yake. Mwishoni mwa mwaka sabini na nane mgambo walipoitwa, Yustus alikwenda pamoja nao. Alirudi katikati ya mwaka uliofuata akishikwa mkono na askari mwenzake, kitambaa cheupe kimefungwa usoni. Bomu la kutegwa lilimwachia mikono na miguu, likamchukulia macho yote mawili.

Miezi ya kwanza Adelgunda alikwenda kazini kwa miguu. Alirudi giza limeshaingia, vifundo vimevimba, akamkuta mumewe amekaa pale pale alipomwacha, na binti zao wawili, Kokugonza na mdogo wake, wakihangaika na moto wa kuni mbichi. Watu wakamshauri ahamie Nyarushozi. Akamweleza Yustus, naye akajibu kesho yake.

"Hapa ninaona," alisema. "Kila mgomba naujua ulipo. Najua jiwe la mlangoni, najua kisima, najua njia ya kwenda kwa Fidele. Ukinihamisha nitakuwa mzigo wa kuwekwa kwenye kona. Niache kwenye kibanja changu, Mama Koku."

Basi habari ya kuhama ikafa. Aliyeleta habari ya baiskeli ni Yustus mwenyewe. Jumapili moja baada ya misa aliitoa ndani, akaisukuma mpaka uwanja wa mpira wa shule, mkewe akimwelekeza kwa maneno, akamwambia apande. Yeye akashika keria kwa nyuma, akaanza kukimbia. Alikimbia kichwa juu kama mtu anayeona, akisikiliza mlio wa mnyororo.

"Unalalia kushoto," alimwambia. "Usitazame gurudumu. Tazama mbele, mimi nikushike."

Waliotoka kanisani walijipanga kando ya uwanja. Wengine walicheka kwa adabu, wengine bila adabu: kipofu anamfundisha mkewe baiskeli. Bibi mmoja aitwaye Kantengwa alisema kwa sauti ya kusikika kwamba mwanamke anayekalia kiti kama kile hatazaa tena. Adelgunda alianguka mara tano, akachunika kiwiko, akainuka. Jumapili ya tatu aliuzunguka uwanja wote, na mpaka leo hajui mumewe aliachia wapi.

Tangu hapo njia ikawa yake. Alitoka nyumbani kukipambazuka, amevaa suruali kuukuu ya Yustus chini ya gauni, akaivulia nyuma ya zahanati na kuikunja kwenye kikapu. Mlima wa kwanza alisukuma. Kileleni alipanda, akajiachia kwenye mteremko mrefu wenye mibuni pande zote mbili, na siku mibuni ilipochanua alishuka katikati ya harufu ile akiwa hana umri, hana shida, hana mume kipofu. Hiyo ilikuwa dakika kumi hivi. Chini kulikuwa na kijito cha mafunjo na daraja la magogo mawili, ambako alibeba baiskeli begani na kuvuka kwa kunyata. Halafu mlima tena. Wakulima walimwita toka mashambani kwa heshima ya kwao, "Sista, waitu, mvua inakuja," naye akapiga kengele kujibu. Ng'ombe wa pembe ndefu walilala njiani na hawakusikia kengele. Wakati wa masika udongo mwekundu ulijaa kwenye madigadi mpaka gurudumu likagoma, akasimama kila baada ya hatua mia kuuchokoa kwa kijiti. Alifika ametapakaa matope mpaka kwenye nyusi, akanawa, akavaa vazi jeupe, akaanza kupima watoto.

Nyumbani Yustus aliichukua baiskeli mikononi mwa mkewe kabla hajasalimiwa vizuri. Alipapasa spoku moja moja, akazikaza. Aliusikiliza mnyororo, akautia mafuta ya taa yaliyobaki kwenye kibatari. "Leo ulipita kwenye mawe ya kule bondeni," alimwambia, na ilikuwa kweli.

Shida iliingia mwaka themanini na mbili, na iliingia kwa kila mtu. Sabuni ilipotea, chumvi ikawa ya foleni, kanga ikawa ya kibali. Tairi za baiskeli zikawa habari ya kusimuliwa. Tairi ya nyuma ya Adelgunda ilikwisha meno, ikalainika kama kiganja, mwisho ikapasuka ubavuni. Yustus akaishona kwa waya. Tyubu ilikuwa na viraka juu ya viraka, na gundi ilipokosekana akawa anaifunga kwa vipande vya mpira kama mtu anayefunga kidonda. Siku ilipokataa kabisa kushika upepo, akaitoa, akajaza ndani ya tairi magome ya mgomba yaliyokauka, akayashindilia kwa mpini wa jembe.

"Itakwenda," alisema.

Ilikwenda. Ilikwenda ikiruka kama punda mwenye kidonda, kila jiwe likimpiga Adelgunda mgongoni, na kwenye mteremko ule wa mibuni hakuthubutu tena kujiachia. Magome yalilowa mvua, yakaoza, yakatoka nje kama utumbo. Siku hizo aliiburuta baiskeli maili nne au tano, akafika saa nne wakati kina mama wameshapanga foleni tangu alfajiri, watoto wachanga wanalia kwenye jua.

Mkuu wa zahanati alikuwa mganga msaidizi mmoja jina lake Pastory, mtu mwembamba, mwoga wa wakubwa, asiye na ubaya na mtu. Mwezi Februari mwaka themanini na tatu alimwita chumba cha dawa, akafunga mlango.

"Sista, mwezi huu umechelewa mara kumi na moja."

"Najua, Mganga."

"Mimi peke yangu nimepokea wagonjwa hapo mlangoni, nikazalisha, nikachoma sindano, nikafunga vidonda. Mikono miwili. Wiki iliyopita yule mama wa bondeni alijifungua nje kwenye majani wakati mimi niko na mtoto wa degedege. Mtoto wake amekufa, unajua?"

Adelgunda alijua. Siku hiyo alikuwa njiani, ameinama juu ya gurudumu, anang'oa magome yaliyojisokota kwenye spoku. Tangu asikie habari ile alikuwa hapati usingizi sawasawa.

"Mkaguzi wa wilaya ameuliza," Pastory aliendelea, akimpa karatasi bila kumtazama. "Nimeandika onyo. Likifika la pili, watakuhamisha mbali au watakuachisha. Mimi sitaweza kuwazuia."

Kuachishwa kazi maana yake ni watu wanne kula kutoka kwenye migomba peke yake, na dawa ya macho ya Yustus, ambayo bado yalikuwa yakitoa usaha kila kiangazi, kupatikana kwa kuomba. Kuhamishwa mbali maana yake ni kumwacha. Adelgunda aliikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa vazi jeupe, akatoka kupima watoto.

Alikwenda kwa katibu kata wa Nyarushozi, bwana Anatory, kuomba kibali cha tairi. Alikwenda mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa alete barua ya mwajiri. Alipoileta aliambiwa kamati haijakaa. Kamati ilipokaa, alikabidhiwa karatasi yenye muhuri wa duara, nzuri kabisa, akaipeleka dukani kwa ushirika. Muuza duka aliisoma kwa makini toka juu mpaka chini. Nyuma yake rafu zilikuwa na viberiti, dawa ya viatu na fungu moja la majembe yasiyo na mipini.

"Kibali ni halali," alisema. "Tairi ndiyo hamna, mama. Kata nzima zimeletwa nne, nazo zimekwisha gawiwa."

"Wamepewa akina nani?"

Muuza duka alitazama mlangoni. "Mama, wewe ni muuguzi. Usinitafutie maradhi."

Aliporudi kwa Anatory hakumwomba chochote. Alisimama tu mbele ya meza. Baiskeli ya katibu ilikuwa imeegemezwa ukutani, tairi zake bado zina vile vinyweleo vya mpira mpya. Anatory aliinua macho, akayashusha, akasema mgawo mwingine labda utakuja mwezi wa saba.

Jirani yao Fidele alikuwa amevushwa mto Kagera akiwa mtoto mgongoni kwa mama yake, miaka ile Wanyarwanda walipokimbia, akakulia Kimuli akilima vibarua mpaka akapata kibanja chake. Mkewe, Mukantabana, alikuwa amejifungua kwa shida mwaka uliotangulia, mtoto ametanguliza miguu, na Adelgunda ndiye aliyelala naye siku mbili mpaka mama na mtoto wote wawili wakapona. Fidele hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni moja ya mwezi wa tano alikuja akakaa na Yustus ukumbini, wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, na Adelgunda alipotoka jikoni akamwambia:

"Mama Koku, ng'ambo tairi zipo. Ndugu yangu anaziona dukani kila siku. Nikivuka, naleta."

Yustus aliweka kibuyu chini. "Usifanye hivyo. Redio haisemi kingine siku hizi. Wahujumu, walanguzi, wahujumu. Watu wanafungwa kwa katoni ya sabuni."

"Sabuni ni ya kuuza," Fidele alisema. "Hii ni ya kwendea kazini."

"Wataona tofauti?" Yustus aliuliza. "Na wewe, Fidele, wakikushika hawatakufunga tu. Watakuuliza umetoka wapi."

Adelgunda alikuwa amesimama na sufuria ya ndizi mkononi, mvuke unampanda usoni. Aliiona akilini ile karatasi ya onyo. Alimwona mtoto yule aliyezaliwa kwenye majani, ambaye hakumwona kwa macho.

"Lete," alisema.

Yustus hakuzungumza naye siku mbili.

Tairi ilikuja katikati ya mzigo wa nyasi za kuezekea, na tyubu mbili zimekunjwa ndani yake. Fidele hakutaka kupokea kitu chochote. Alisema mtoto wake anatembea, basi. Yustus aliishika ile tairi muda mrefu, akipitisha kidole kwenye meno yake, akainusa. Hasira yake ikamtoka yenyewe. Aliifunga siku hiyo hiyo, akaijaza upepo, akalidundisha gurudumu chini mara mbili kusikia sauti yake. "Ina mstari?" aliuliza.

"Mwekundu, ubavuni."

"Upake matope."

Wiki tatu Adelgunda aliishi kama mtu aliyetolewa jiwe kifuani. Alitoka nyumbani jua linachomoza na akafika kabla Pastory hajafungua mlango. Aliuacha ule mteremko umchukue. Alirudi kungali mchana, akawasuka nywele binti zake, akapika bila kukimbizana na giza. Ndani ya wiki hizo ndipo alipohesabu siku zake akajua kwamba ana mimba ya miezi miwili. Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Alidhani mambo hayo yameisha nyumbani kwao. Alipomwambia Yustus, mume alicheka kwa sauti, jambo ambalo hakulifanya tangu arudi vitani, akasema aitwe bibi Kantengwa aje asikie.

Mgambo walimsimamisha njia panda ya Nyarushozi siku ya Alhamisi. Walikuwa watatu na mtu mmoja wa tarafa aliyevaa kofia ya sufu. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeosha matope yote kwenye tairi, na mstari ule mwekundu uling'aa kama kidonda.

"Shikamoo, mama," alisema mtu wa kofia, kwa heshima kabisa. "Hii tairi umeipata wapi?"

"Nina kibali." Alikitoa kikapuni. Alikuwa anatembea nacho.

Yule bwana alikisoma. "Kibali ni cha duka la ushirika. Risiti ya duka iko wapi?"

Adelgunda akapekua kikapu ingawa alijua haimo.

"Duka halijapokea tairi tangu mwezi wa pili. Na hii ni ya ng'ambo. Nani kakuletea?"

"Niliinunua njiani kwa mtu. Simjui."

"Mama, una muda wa kumkumbuka." Akaishika baiskeli usukani, akaipokea polepole kama anayemsaidia mzee mzigo. "Itakaa ofisini. Ukimkumbuka, utakuja kuichukua."

Alimalizia safari kwa miguu, kikapu kichwani. Siku ile alipima watoto thelathini na mbili na hakukumbuka sura ya hata mmoja.

Jioni alipita kwa Fidele kabla ya kwenda kwake. Hakukaa. Alimweleza akiwa amesimama, na Mukantabana akaanza kukusanya nguo za mumewe kabla maneno hayajaisha. Fidele alikwenda Biharamulo kwa shemeji yake, kulima vibarua kama alivyoanza maisha. Aliacha mke na watoto watatu na kahawa haijachumwa.

Adelgunda aliitwa ofisini mara tatu. Kila mara aliwekwa kwenye benchi kuanzia asubuhi, kila mara zahanati ikakosa mtu, kila mara akaulizwa jina. Mara ya tatu Anatory mwenyewe alikuwepo.

"Sista, mimi nakuheshimu," katibu alisema. "Hatukutaki wewe. Tunamtaka huyo mtu. Sema jina moja, uchukue baiskeli yako sasa hivi, uende kwa wagonjwa wako."

Baiskeli ilikuwa nyuma ya mlango, aliona gurudumu lake. Alifikiria jina lile, herufi zake sita, namna ambavyo lingetoka kinywani bila maumivu yoyote. Angefika nyumbani mapema. Mimba yake ingepumzika. Kwa muda alioweza kuuhesabu kwa pumzi, alitaka kulisema, na hilo baadaye lilimtesa kuliko benchi.

"Simjui," alisema.

Basi akarudi kwenye miguu. Maili tisa kwenda, maili tisa kurudi, mwezi wa sita, wa saba, wa nane. Aliamka saa tisa za alfajiri, akaweka ndizi motoni, akatoka na tochi isiyo na nguvu. Vumbi la kiangazi lilikuwa jingi mpaka kwenye vifundo. Alipofika kazini kwa wakati ilikuwa kwa sababu alikuwa amekimbia. Asipofika, Pastory aliandika saa ya uongo kwenye kitabu. Alimwambia siku moja, "Sista, kaa hata siku mbili nyumbani, naona uso wako," na Adelgunda akajibu kwamba akikaa siku mbili hataamka ya tatu.

Aliwajua kina mama wote wenye mimba wa kata ile na aliwaambia kila kliniki: msibebe mizigo, msitembee mbali, laleni mchana, kuleni maharage. Alisema maneno hayo ameshika kiuno.

Ilitokea asubuhi, mwezi wa nane, chini ya mteremko wa mibuni. Maumivu yalimshika kabla hajafika kwenye magogo. Kwa kuwa ilikuwa kazi yake, alijua ni nini tangu dakika ya kwanza, na alijua kwamba hakuna la kufanya. Alitoka njiani, akaingia kwenye mafunjo, akakaa. Wanawake wawili waliopita kwenda kuteka maji walisikia sauti yake, wakamfunika kwa kanga zao, mmoja akamshikilia kichwa. Mtoto alikuwa wa kiume. Walimzika pale pale kwenye udongo mlaini, kwa mikono na kipande cha jembe, na Adelgunda aliwaomba wasimtangazie mtu. Kisha alilala kivulini mpaka jua likapita utosini, akanawa kijitoni, akasimama. Alitazama upande wa Nyarushozi na upande wa nyumbani. Akarudi nyumbani.

Yustus alimsikia toka mbali. "Mbona mapema?" alisema, akiwa na furaha, halafu akasikia miguu yake vizuri zaidi, akainuka kumpokea.

Walikaa kitanda kimoja mpaka Kokugonza aliporudi kutoka shuleni. Yustus aliuliza kitu kimoja tu, wapi alipomzika, na alipoambiwa akageukia ukutani. Kijijini habari ilivuja baadaye kidogo, na bibi Kantengwa alipita jirani kwa jirani akisema aliwaambia, baiskeli ile, aliwaambia. Adelgunda alimsikia kisimani. Alijaza ndoo yake, akajitwika. Hakuwa na nguvu ya kumweleza kwamba mtoto alikufa kwa kukosa baiskeli.

Onyo la pili halikuandikwa. Pastory alimpa wiki mbili za ugonjwa, akaandika malaria, na mkaguzi hakuuliza. Mwezi wa kumi mgambo mmoja alikuja kumwambia akachukue baiskeli yake. Kesi imefutwa, au faili limepotea, hakueleweka. Aliikuta nje ya ofisi imelazwa kwenye nyasi. Tairi zote mbili hazikuwepo. Kengele haikuwepo, pampu haikuwepo, wala kiti. Anatory alikuwa safarini.

Aliiburuta maili tisa juu ya ringi tupu. Watu walisikia mlio ule wa chuma juu ya mawe wakatoka kwenye migomba kutazama. Nyumbani Yustus aliipapasa toka usukani mpaka nyuma, polepole, kama alivyofanya kila jioni. Mikono yake ilipofika mahali pa kiti, ikabaki hewani. Aliinyanyua, akaipeleka ndani, akaitundika juu ya dari kwa kamba ya mgomba.

Mwaka mmoja na zaidi Adelgunda alikwenda kazini kwa miguu. Alikonda. Jino moja liling'oka, jingine likafuata. Siku mbili kwa wiki alilala Nyarushozi kwenye chumba cha kuhifadhia magodoro, na siku hizo Kokugonza hakwenda shule ili amwangalie baba yake. Yalikuwa ndiyo maisha. Alipokuwa anatembea hakuwaza kitu. Alihesabu tu nguzo za njia alizoziweka mwenyewe kichwani, mti, jiwe, kichuguu. Fidele alirudi mwaka themanini na nne, amezeeka, akakuta kahawa yake imeingiwa na magugu mpaka kiunoni. Alikuja kumsalimia Adelgunda, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Mwezi wa tatu mwaka themanini na tano alitumwa Rubwera kuchukua sanduku la chanjo. Alikuwa anapita mbele ya duka la mtu aitwaye Ndyamukama alipoona tairi. Zilikuwa zimetundikwa juu ya mlango kwenye msumari mmoja, kumi, labda kumi na mbili, zimefungwa kwa karatasi ya kahawia. Mbili zilikuwa na mstari mwekundu ubavuni.

"Zinauzwa kwa kibali?" aliuliza.

Ndyamukama alicheka. "Kibali cha nini, mama? Siku hizi mtu akiwa na fedha zake anaruhusiwa kuleta bidhaa. Ingia uchague."

Alisimama pale mpaka mwenye duka akamletea kigoda, akidhani anaumwa. Hakukalia kigoda. Alikuwa anatazama zile tairi zinavyocheza na upepo, na mtu wa kofia ya sufu akampita nyuma barabarani na mfuko wa sukari mkononi, akamwamkia, akaendelea na safari yake.

Mshahara wa mwezi ule uliishia pale. Fundi wa Rubwera alimpa na kiti cha zamani.

Jioni Yustus aliishusha baiskeli darini. Alifunga tairi ya mbele, akafunga ya nyuma, akajaza upepo kwa pampu ya kuazima. Alifanya yote hayo Adelgunda amekaa kizingitini, miguu yake ndani ya beseni la maji ya moto. Mwishoni Yustus aliketi chini karibu na gurudumu, mgongo kwenye ukuta.

"Zilikuwa zimening'inia tu?" aliuliza.

"Juu ya mlango."

"Na watu wanapita."

"Wanapita."

Alifuta mikono yake kwa majani makavu, kidole kimoja kimoja. "Angekuwa na mwaka mmoja na ushee," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Angekuwa anatembea."

"Angekuwa anatembea," Adelgunda alisema.

Kesho yake alitoka kukipambazuka. Mlima wa kwanza alisukuma, na alipofika kileleni alipanda. Kwenye mteremko wa mibuni alishika breki toka juu mpaka chini, akateremka kwenye magogo, akabeba baiskeli begani akavuka bila kutazama mafunjo. Alifika saa moja na nusu. Kina mama kumi na wanane walikuwa wameshakaa kwenye majani na watoto wao. Akanawa mikono, akavaa vazi jeupe, akamwita wa kwanza.